Forester SG5 mjini Mombasa: shajara ya kuirudishia turbo pumzi

Gari ni Subaru Forester Cross Sports ya 2005, bodi ya SG5, injini ya EJ205 ya lita 2.0 yenye turbo, gia otomatiki ya hatua nne. Karatasi za kiwanda zinasema nguvufarasi 220 na torki ya Nm 309. Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na bei, ili mwenye gari kama hili apate pa kuanzia. Bei ni shilingi za Kenya, na nimelipa Mombasa isipokuwa nikitaja kwingine.

11 Januari 2025: Gari na maradhi yake

Nimelinunua Nairobi. Magari haya hayaingii tena nchini, sheria inayokataza kuingiza magari yaliyozidi miaka minane imeshayafungia mlango wa bandari kitambo. Kwa hiyo SG5 yoyote unayoiona barabarani imepita mikononi mwa mafundi chungu nzima, na kila mmoja ameacha alama yake. Hilo ndilo la kuchunguza kabla ya kutoa pesa. Kasoro za uzee zinajulikana na zina dawa. Kasoro za kuongezewa ndizo zinazokula usiku.

Chini ya gari hakuna kutu, maana limeishi bara, na hilo peke yake lilinifanya nilipe. Injini haitoi moshi wa buluu. Lakini ni zito. Njiani kuja pwani, kila nilipotaka kulipita lori ilibidi niombe dua kwanza. Nilipofika nikafunga geji ya mshale ya busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini, inayopimwa kwa ba (3,500). Mpira wake nikauunga kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Ikapanda hadi ba 0.5 ikasimama hapo, hata ukikanyaga mpaka sakafuni.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakumaliza hata kulizunguka gari. Turbo imekufa, akasema, leta elfu arobaini na tano nikutafutie nyingine. Nilirudi nyumbani nikavua mpira wa kuingizia hewa nikaishika ekseli ya turbo kwa vidole. Mbele na nyuma haichezi. Upande kwa upande inacheza kidogo, kama inavyotakiwa injini ikiwa imezima na oili haina presha. Mapanga hayajagusa nyumba yake wala hayana ncha zilizolika. Hiyo si turbo iliyokufa.

Tena 0.5 si namba ya kubahatisha. Westigeti ni mlango unaoipunguzia turbo moshi wa kuizungusha ili presha isizidi, na springi yake kwenye TD04, ambayo ndiyo turbo ya gari hili, huanza kufungua mahali hapo hapo. Turbo inayofika 0.5 na kutulia bila kuyumba ni turbo nzima isiyopewa ruhusa ya kuendelea. Kazi yangu ni kumtafuta anayeizuia.

25 Januari: Mkanda wa taimingi kwanza

Sitafuti nguvu kwenye injini ambayo sijui mkanda wake una umri gani. EJ205 ikikata mkanda, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine. Kiwanda kinataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Gari halikuwa na stika wala kumbukumbu yoyote.

Nimebadilisha mkanda, tensheni, rola zote, pampu ya maji na themostati kwa pamoja. Seti ni 24,000, ufundi 6,000. Kuna watu hubadilisha mkanda peke yake ili waokoe nusu ya pesa. Rola ile yenye meno tuliyoitoa, ukiizungusha kwa kidole ilikuwa inaenda kama feni, nyepesi, na mlio mkavu wa chuma. Grisi imekwisha ndani. Hiyo ndiyo ingeuua mkanda mpya.

Plagi: NGK PFR6G nne, mwanya milimita 0.8, 7,200. Za zamani zilikuwa tatu za aina moja na ya nne ya aina nyingine kabisa. Alama ya fundi, kama nilivyosema. Oili ni 5W-40 sintetiki. Redieta ilikuwa na maji ya bomba ya rangi ya chai. Tumeisuuza mpaka ikatoa maji meupe, tukatia kulanti halisi. Ukijaza Subaru jaza kwa tangi lile la juu karibu na turbo, taratibu, huku unaminyaminya mipira, la sivyo hewa itanasa ndani na joto litakuruka siku ya pili. Oili ya gia nayo imebadilishwa. Ilikuwa nyeusi lakini hainuki kuungua.

Gari ni lile lile, 0.5. Sikutarajia lingine.

8 Februari: Kusaka uvujaji

Kifaa cha kupimia nimekitengeneza mwenyewe, na kila mwenye turbo anapaswa kuwa nacho. Nunua kofia ya bomba la PVC inayoingia kwa kubana kwenye mpira wa hewa ulio baada ya sensa ya hewa. Toboa katikati, pachika valvu ya tairi la tubeless, kaza. Mimi nilitumia chini ya 400. Vua sensa ya hewa na boksi la chujio, chomeka kofia, funga klipu, kisha mwite fundi wa pancha na kompresa yake. Usipite ba 0.8, ukizidisha unaweza kusukuma sili za injini zikatoka. Ukisikia hewa kwenye kifuniko cha oili usishtuke, kuna njia yake ya kawaida huko ndani.

Hewa ilipoingia, injini ilipiga mluzi. Maji ya sabuni yakatuonyesha pahala patatu. Kwanza, mpira mfupi kati ya intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, na throto, mlango wa hewa wa injini: juu unaonekana mpya, chini una ufa ambao hauuoni mpaka uupinde. Pili, klipu moja ya bomba linalotoka kwenye turbo haikuwa imekazwa hata nusu. Tatu, mshono wa tangi la pembeni la intakula, ambapo povu lilikuwa linapanda polepole kama maziwa jikoni. Tulipoukwangua tukakuta gundi ya chuma ya kijivu imepakwa zamani na kupulizwa rangi juu yake. Aliyefanya hivyo alijua.

Kwa nini uvujaji huu ni ghali kuliko unavyodhani: sensa ya hewa iko kabla ya turbo. Imeshahesabu gramu za hewa na kompyuta imeshatoa petroli ya hewa hiyo yote. Sehemu ya hewa ikitorokea njiani, petroli iliyobaki ni nyingi kuliko inavyotakiwa, na unaiona kwa masizi meusi kwenye bampa la nyuma na kwa kituo cha mafuta kukuzoea.

Gundi sikurudia. Nimenunua intakula nyingine iliyotumika, ya kutoka Japani, 9,000, na nikaipima kwa kofia ile ile dukani kwa muuzaji kabla ya kulipa. Alinung'unika, lakini ya kwanza aliyonipa ilikuwa inavuja pia, akanyamaza. Mpira wa throto 2,800, klipu mpya za chuma kisichoshika kutu 1,200.

Matokeo: sailensa haitoi tena masizi, injini inatulia vizuri gari likiwa limesimama, ulaji wa mafuta umepungua. Busti? 0.5. Sasa najua kwamba haivuji. Inazuiwa.

22 Februari: Kidonge

Mwenye gari wa kwanza aliwahi kubadilishiwa mipira yote midogo ya presha ikawekwa ya silikoni ya buluu. Ukifungua boneti inang'aa, inapendeza, mtu anakuita uje uone. Ndiyo iliyonipotezea wiki.

Nieleze inavyofanya kazi. Kutoka kwenye mdomo wa turbo kuna mpira mwembamba unaopeleka presha kwenye westigeti. Katikati una njia panda: tawi moja linaenda westigeti, jingine linaenda kwenye solenoidi ya busti, valvu ndogo ya umeme inayoendeshwa na kompyuta ya gari. Solenoidi kazi yake ni kumwaga sehemu ya presha ile, ili westigeti ihisi presha ndogo kuliko iliyopo na ichelewe kufungua. Hivyo ndivyo kompyuta inavyopandisha busti juu ya ile ya springi. Lakini solenoidi ni ndogo, haiwezi kumwaga hewa kwa kasi inayokuja na mpira ulio wazi. Kwa hiyo kiwanda kiliweka ndani ya mpira, kabla ya njia panda, kidonge cha chuma chenye tundu la karibu milimita moja. Kinapunguza hewa inayoingia ili solenoidi iweze kushinda.

Kidonge hakionekani kwa nje. Fundi anachomoa mpira mzee, anautupa na kidonge chake, anaweka silikoni ya buluu iliyo wazi. Kuanzia siku hiyo westigeti inapata presha yote, solenoidi inabofya bure, na gari linakaa 0.5 milele. Baada ya hapo kila atakayeliona atakwambia turbo imekufa.

Kabla ya kukihukumu kidonge nilijaribu solenoidi: umeme wa betri ukiigusa inabofya, na ukipuliza kwa mdomo inapitisha na kufunga. Nzima. Nikaukata mpira wa buluu. Ndani mweupe, hauna kitu.

Kidonge chenyewe hakipatikani dukani peke yake. Lakini jeti ya kabureta ya pikipiki ni kipande cha shaba chenye tundu lililopimwa, na Mombasa haina uhaba wa pikipiki. Nilienda kwa fundi wa boda boda Kisauni.

"Sheikh, ya Boxer ama ya TVS?"

"Ya gari."

Akanitazama, akanimwagia kopo zima la jeti kuukuu juu ya gazeti. Zinauzwa 150 kila moja. Usiamini namba iliyochongwa juu yake, kila mtengenezaji ana hesabu yake. Chukua biti nyembamba za drili upime tundu lenyewe.

Nilianza na tundu la 0.8. Nililitaka dogo ili nione tofauti, na tofauti niliiona: mshale ulipita 1.2 kabla sijaondoa mguu, kisha gari likakatika kama limefungwa breki. Hapo kompyuta imefunga petroli ili kuiokoa injini. Ukiona hivyo, usirudie "kuhakikisha". Tundu dogo maana yake westigeti hainywi presha ya kutosha, inachelewa mno. Nikaweka la 1.1, nikalibana ndani ya mpira mpya wa mafuta kwa klipu pande zote mbili lisije likatembea.

0.8, inafika haraka na inatulia. Mia na hamsini. Mpira mpya 300. Turbo "iliyokufa" ilikuwa inaombewa elfu arobaini na tano.

15 Machi: Busti imerudi na balaa lake

Ramadhani, kwa hiyo kazi ni baada ya tarawehe, chini ya taa ya uani. Si vibaya: usiku injini inapoa haraka na huna jua la kaskazi mgongoni.

Kabla ya kufurahia 0.8 nilitaka kusikia kompyuta inasema nini. Subaru za umri huu zinasomeka kwa KKL, kebo ya bei rahisi ya kuunganisha gari na laptopu (1,800), na programu ya bure ya RomRaider kwenye laptopu yoyote kuukuu. Angalia chipu ya kebo: za FTDI zinafanya kazi, nyingine nyingi za bei ya chini zinakatika katikati ya kusoma. Yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo na muuzaji alikubali kuibadilisha.

Rekodi ilionyesha kile nilichokihofia. Injini ina noki, yaani petroli inajiwasha yenyewe kabla ya zamu yake. Kompyuta inaisikia kwa sensa iliyokazwa kwenye bloku na inarudisha moto wa plagi nyuma. Ikiendelea kuisikia inapunguza imani yake yote kwa mafuta unayotia. Kuna namba moja inayoonyesha imani hiyo, na yangu ilikuwa nusu ya kipimo. Gari linakwenda, lakini linakwenda kwa woga.

Mafuta kwanza. Injini hii ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao haishuki oktani 96 na kwa kawaida ni 100. Petroli ya kawaida ya hapa haifiki huko. Ilipokuwa inapumua 0.5 haikujali, kwa 0.8 inajali sana. Nimehamia ile ya oktani ya juu inayouzwa vituo vichache kwa bei yake. Matenki mawili baadaye namba ya imani imepanda, lakini haijafika juu, na noki bado inajitokeza kwenye mizunguko 2,800 hivi, mahali pamoja kila mara, hata mguu ukiwa mwepesi. Noki ya mafuta haina adabu hivyo. Inafuata mzigo na joto, haisubiri mzunguko fulani.

Nikalala chini ya gari, nikawa nagonga bomba la ekzosi kwa ngumi iliyovaa glavu. Ngao ya joto, kile kibati kinachofunika bomba, inatetema kwa sauti kavu ya mbegu ndani ya kopo. Bolti mbili zimeoza. Gari lilikuja safi kutoka bara, lakini hewa ya chumvi huanza na vyuma vyembamba, na ngao ndiyo nyembamba kuliko vyote. Sensa ya noki haina macho. Inasikia mtetemo tu, na kwake kibati kinacholia ni pistoni inayopigwa. Nimezungushia klipu mbili kubwa za chuma kisichoshika kutu, zile za mabomba (350 kila moja), nikakaza.

Noki ya 2,800 imepotea usiku ule ule. Namba ya imani imefika kipimo kamili. Usivue ngao ukaitupa, kama wengi wanavyoshauri: juu yake kuna nyaya na mipira, na joto la turbo halina huruma.

12 Aprili: Foleni ya Likoni

Intakula ya gari hili inakaa juu ya injini, chini ya lile pua la boneti. Ukiwa unakwenda, upepo unaipoza. Ukisimama, injini inaipika. Nami navuka kwenda kusini kila mara, na foleni ya feri ya Likoni unaijua: jua la saa nane, injini inanguruma, hakuna upepo unaofika popote. Ukishuka upande wa pili na kukanyaga kwenye kilima, gari ni kama limebeba mchanga.

Kompyuta haijui shida hii. Sensa yake ya joto la hewa imo ndani ya sensa ya hewa, kabla ya turbo na kabla ya intakula, kwa hiyo inasoma hewa ya nje. Nimepachika kipimajoto cha bei rahisi (900) kwenye bomba la baada ya intakula. Baada ya foleni: nyuzi 74. Ukienda mwendo wa kawaida kuelekea Ukunda inashuka hadi 48, lakini inachukua dakika nyingi kuliko ninavyopenda.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuinyunyizia maji. Pampu ya waipa, mpira, pua mbili ndogo za kumwagilia, kitufe kwenye dashibodi, jumla 1,600. Inafanya kazi vizuri ajabu, nyuzi kumi na tano zinashuka ukihesabu hadi ishirini. Baada ya wiki tatu mapezi ya intakula yamegeuka meupe. Maji ya kisima ya Mombasa yana chumvi, na chumvi inabaki pale maji yanapokauka. Ukitaka mfumo huu pwani tumia maji ya mvua au ya chupa, au uache. Nimeung'oa na kuisafisha intakula kwa siki na maji mengi.

Dawa ya kweli ilikuwa ya 600. Kati ya pua la boneti na intakula kunatakiwa kuwe na faneli yenye sponji pembeni inayoziba mwanya. Faneli ipo, sponji imekauka na kumeguka, sijui tangu lini. Upepo ulioingia puani ulikuwa unamwagika pembeni kabla ya kugusa intakula. Fundi wa viti vya gari amenikatia vipande vya sponji nzito isiyopitisha hewa, tukavigundisha, tukafunga boneti juu ya unga wa chaki kuona kama vinagusa pande zote. Sasa kutoka 74 inashuka hadi 45 kabla sijamaliza kilima. Kwenye foleni yenyewe hakuna ujanja, nazima injini.

17 Mei: Ramani

Masika yametulia kidogo, nimeamua kuandikisha ramani mpya ya kompyuta, yaani majedwali yanayoiongoza kwenye petroli, moto wa plagi na busti. Sikubadilisha ekzosi. Nimeulizwa na vijana wa mtaani kwa nini Subaru halilii. Linalia vya kutosha, mngurumo wake unatokana na mabomba ya manifoldi ya ekzosi yasiyo na urefu sawa, na halihitaji sailensa ya ndoo kumwamsha mtoto wa jirani.

Mtaalamu amekuja kutoka Nairobi, 30,000 pamoja na nauli. Faili ya kwanza aliyoweka ilikuwa ile anayoanzia nayo kwa SG5 zote za wateja wake, na huko inafanya kazi vizuri. Hapa ililia noki mara ya kwanza tulipokanyaga, kwenye mizunguko 3,300.

Sababu ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na presha ya hewa yake ni kama ba 0.82. Mombasa ni 1.01. Geji ikikuonyesha 0.9 Nairobi, injini kwa kweli inajazwa 1.72, ikikuonyesha 0.9 Mombasa inajazwa 1.91. Jedwali la moto wa plagi kwenye kompyuta limepangwa kwa mizunguko upande mmoja na uzito wa hewa upande mwingine. Safu za hewa nzito kabisa, gari la Nairobi haliziingii hata siku moja. Mtaalamu hajawahi kuzipima, hajawahi kuzihitaji, na zilikuwa na namba za kukisia. Gari la pwani linaishi humo humo.

Hakubishana na rekodi. Alikaa ubavuni na laptopu, tukawa tunapanda na kushuka barabara ya Mtwapa usiku, gia ya pili tu ili tufike mizunguko ya juu bila kuvuka kilomita 100 kwa saa. Katika safu zile alirudisha moto wa plagi nyuma kwa nyuzi tatu za mzunguko wa injini, mahali pengine nne, na kuongeza petroli kidogo. Busti tumeiacha 0.9 ikianza, inashuka hadi 0.75 mwisho wa mizunguko, kwa sababu TD04 ikisukumwa kule juu inatengeneza joto zaidi kuliko nguvu. Aliniambia anaweza kutoa 1.1. Nikamshukuru.

Daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, sina. Kutoka 60 hadi 100 ilikuwa kama sekunde sita na nusu siku ya kwanza. Sasa ni chini ya tano. Kwenye rekodi ya mwisho, noki hakuna, na namba ya imani iko juu kabisa.

28 Juni: Kupanda bara

Nimelipeleka Nairobi na kurudi, mzigo kamili, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Nilichotaka kukiona ni geji. Hadi Voi inasoma kama nyumbani. Ukipita Emali inaanza kupungua, na karibu na Athi River kilele ni 0.8. Kompyuta inapima presha ya nje na inashusha lengo lake, kwa kuwa turbo ingelazimika kuzunguka kwa kasi ya hatari ili kujaza kiasi kile kile katika hewa nyepesi. Kwa hesabu ya haraka injini inapata hewa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Gari lisilo na turbo linapoteza zaidi ya hiyo, na unaliona kwenye vilima vya Salama, namna linavyotafuta gia.

Joto la maji halikupanda hata nyuma ya malori. Oili imepungua kidogo, karibu robo lita kwa safari nzima, ambayo kwa injini hii sioni tatizo mradi unaipima. Pima kila wiki, gari likiwa mahali tambarare. EJ nyingi hufa kwa kukosa oili, na taa ya dashibodi huwaka wakati wa kuaga.

Hesabu mpaka leo: taimingi, plagi, oili na kulanti zimekula karibu 50,000, na hizo ningelipa hata kama gari lingekuwa zima. Intakula, mipira na klipu 13,000 na kitu. Geji, kebo na kipimajoto 6,200. Ramani 30,000. Kurudisha busti yenyewe, ukiondoa vipimo na uvujaji, ni jeti mbili na kipande cha mpira: 600.

Kazi inayofuata: gesketi ya kifuniko cha valvu upande wa turbo imeanza kudondosha oili kwenye bomba la moto, harufu naisikia nikisimama. Shokamzoba za nyuma ni zile za kujiinua zenyewe na zimechoka, gari linakaa matako chini. Mpya za aina hiyo bei yake haisemeki, kwa hiyo natafuta seti ya kawaida pamoja na springi zake, kwa kuwa springi za zamani ni laini mno kubeba bila msaada wa shokamzoba hizo. Mwenye seti kamili ya nyuma kutoka SG5 isiyo na mfumo huo, nauliza bei.